Adolf Cluss, Mjerumani aliyeijenga Washington kwa matofali mekundu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndugu na marafiki wanaokuja kututembelea huku Washington hutaka kwanza kuona Ikulu na jengo la Bunge. Nawapeleka. Kisha nawapeleka kwenye majengo mekundu ambayo hawakuyategemea, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi. Majibu mengine ni marefu, kwa sababu mtu huyu nampenda na sioni haja ya kumkata maneno.

Adolf Cluss ni nani?

Ni msanifu majengo na mhandisi aliyezaliwa tarehe 14 Julai 1825 mjini Heilbronn, akahamia Marekani mwaka 1848 akiwa na miaka 23, na akafariki Washington tarehe 24 Julai 1905. Kwa karibu miaka thelathini, tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, hakuna mtu binafsi aliyeacha alama kubwa kuliko yake kwenye sura ya mji ule. Alijenga shule, masoko, makumbusho, makanisa, ofisi za serikali, nyumba za matajiri na nyumba za kupangisha. Jina lake litamke "Klus", kwa silabi moja.

Alikuwa Mjerumani wa wapi?

Wakati anazaliwa hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Heilbronn ilikuwa ndani ya ufalme wa Württemberg, mmoja kati ya mataifa madogo mengi yaliyozungumza Kijerumani, na yalikuja kuunganishwa mwaka 1871, miaka zaidi ya ishirini tangu Cluss aondoke. Jambo hili lina uzito katika habari zake, maana vijana wa rika lake walikuwa wakidai mambo mawili kwa pamoja: nchi moja, na haki kwa mtu wa kawaida.

Usanifu alisomea wapi?

Alianzia kwenye mjengo. Baba yake, Heinrich Cluss, alikuwa fundi mkuu wa ujenzi, mtu wa kupokea kazi na kusimamia mafundi, kwa hiyo mtoto alikua akinusa chokaa. Adolf alijifunza useremala, halafu akashika njia kama ilivyokuwa desturi ya mafundi vijana wa nchi zile. Fundi akishafundwa hakufungua karakana papo hapo. Alitembea mji hadi mji, akifanya kazi kwa huyu na kwa yule, mpaka mkono ukomae. Safari hiyo ilimfikisha Mainz, ukingoni mwa mto Rhine, akapata kazi kwenye ujenzi wa reli.

Hii ndiyo sababu majengo yake hayana mambo ya kubahatisha. Alijua mbao inabeba nini kabla hajajua kuipamba, na kwenye reli alikuwa ameona jinsi kazi ya watu wengi inavyopangwa ili isikwame.

Kwa nini aliondoka kwao?

Mwaka 1848 mapinduzi yalizuka karibu Ulaya nzima: Paris, Vienna, Berlin, na miji ya Rhine pia. Cluss alikuwa Mainz, na hakukaa pembeni. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha elimu ya wafanyakazi mjini humo, mahali ambapo mafundi na vibarua walikutana baada ya kazi kusoma, kusikiliza mihadhara na kujadili siasa. Alikuwa pia mwanachama wa Ligi ya Wakomunisti, na wa vyama vya mazoezi ya viungo ambavyo kwa Wajerumani wa wakati ule vilikuwa uwanja wa siasa kama ulivyokuwa uwanja wa viungo.

Wengi hudhani alikimbia baada ya mapinduzi kushindwa. Sivyo. Wimbi kubwa la wakimbizi lilikuja baada ya kushindwa kabisa mwaka 1849, ila Cluss alipanda meli mwaka 1848 penyewe, mambo yakiwa bado hayajaamuliwa.

Ni kweli alikuwa rafiki wa Karl Marx?

Ni kweli, na haukuwa urafiki wa kupigiana saluti tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Cluss alikuwa mmoja wa watu ambao Marx, mwananadharia wa ukomunisti, na mwenzake Friedrich Engels waliwategemea zaidi Marekani, pamoja na Joseph Weydemeyer aliyekuwa New York. Barua zilivuka Atlantiki mara kwa mara. Cluss alichukua habari na hoja kutoka kwenye barua za Marx akazipeleka kwenye magazeti ya Kijerumani yaliyochapishwa Marekani, akatafuta wachapaji, akagawa maandishi.

Fikiria hali yake. Mchana alikuwa mchoraji wa michoro ya kitaalamu kwenye kambi ya jeshi la majini ya Washington, akilipwa mshahara na serikali ya Marekani. Usiku aliwasha taa akaandika barua kwa mtu aliyekuwa akitafutwa na polisi wa nusu ya Ulaya.

Basi ilikuwaje mwanamapinduzi akawa msanifu wa serikali?

Hapa watu hugawanyika. Wapo wanaosema alisaliti: alipata uraia mwaka 1855, mwaka 1859 akamwoa Rosa Schmidt, Mjerumani wa Baltimore, wakapata watoto saba, na barua za Marx kutoka London zikakatika. Wapo wanaotaka kuona Marx ndani ya kila tofali lake.

Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Urafiki ule ulipoa kabla ya miaka ya 1850 kwisha, na Cluss akawa mtu wa chama cha Republican, chama cha Rais Lincoln. Lakini tazama alichokuwa akikidai Mainz: kwamba mfanyakazi ana haki ya kusoma, na kusoma mahali panapomheshimu. Zaidi ya miaka kumi baadaye alipewa kazi ya kujenga madarasa. Sidhani mtu aliyeanzisha chama cha elimu ya wafanyakazi anaweza kuchora shule ya umma kama anavyochora ghala.

Alianza vipi kujenga Washington?

Polepole. Alifika mjini mwaka 1849 na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mwajiriwa: kwenye idara ya upimaji wa pwani, kwenye jeshi la majini, na kwenye ofisi ya usanifu ya Wizara ya Fedha, iliyochora majengo ya forodha na posta ya nchi nzima. Hiyo ya mwisho ilikuwa chuo kizuri kuliko vingi.

Mwaka 1862 akafungua ofisi na mwenzake Joseph Wildrich von Kammerhueber, vita vikiwa vimepamba moto. Ilionekana si wakati wa kufungua biashara, kumbe ulikuwa ndio wenyewe. Vita viliujaza mji askari, makarani, wauguzi na maelfu ya watu weusi waliotoka utumwani. Mwaka 1860 Wilaya ya Columbia, ulimo mji wa Washington, ilikuwa na watu 75,080, na sensa ya 1870 ilihesabu 131,700. Mji uliokuwa na matope, nguruwe barabarani na mfereji unaonuka karibu na Ikulu ukajikuta hauna shule za kutosha, masoko ya kutosha wala mifereji ya maji taka. Cluss alikuwa tayari na penseli mkononi.

Kwa nini majengo yake karibu yote ni mekundu?

Kwa sababu ya matofali ya kuchoma, na matofali yalikuwa na sababu zake. Udongo mzuri wa mfinyanzi ulipatikana jirani na Washington, na tanuri zilikuwepo, kwa hiyo bei ilikuwa ya wastani. Matofali hayaungui. Na fundi akijua kuyapanga, tofali lenyewe linakuwa pambo: litokeze kidogo hapa, lirudishe ndani pale, lizungushe juu ya dirisha. Jiwe huhitaji mchongaji wa kulipwa ghali, lakini ukuta wa Cluss ulipambwa na mwashi huyo huyo aliyeujenga.

Matao ya duara unayoyaona juu ya madirisha na milango yake ni kumbukumbu ya kwao. Wasanifu wa Kijerumani wa ujana wake walikuwa na mtindo uliojengwa juu ya tao la duara, wakiutumia kwa vituo vya reli, makanisa, kambi na shule. Cluss aliuleta na kuuchanganya na mengine aliyoyakuta, yakiwemo mapaa yenye mteremko mkali ya Kifaransa yaliyokuwa yakipendwa sana wakati ule.

Mji rasmi ulikuwa mweupe, wa marumaru na nguzo za Kigiriki. Cluss akauwekea mwingine pembeni yake, wa rangi ya udongo uliochomwa.

Shule zake zilikuwa na jipya gani?

Kabla yake watoto wa shule za umma Washington walisomea popote palipopatikana: vyumba vya kukodi, majengo ya kurithi, vyumba vya chini visivyo na mwanga. Shule ya Wallach, iliyozinduliwa tarehe 4 Julai 1864, ilikuwa jengo la kwanza la kisasa la shule ya umma mjini. Kisha ikaja shule ya Franklin, mwaka 1869, kwenye kona ya barabara ya 13 na K. Hiyo ndiyo iliyompa jina.

Ukisimama mbele ya Franklin, usianze na mapambo. Anza na madirisha. Ni makubwa na marefu, yameinuliwa hadi karibu na dari, kwa sababu mwanga unaoingia kutoka juu ndio unaofika kwenye dawati la mwisho. Halafu angalia minara miwili. Ina kazi pia, si urembo mtupu: hewa chafu ya madarasani ilipandishwa kupitia humo ikatoka nje. Wakati ule watoto walikufa kwa magonjwa ya kifua, na madaktari walilaumu hewa iliyotumika na kutumika tena ndani ya vyumba vilivyofungwa. Kila darasa lilikuwa na chumba chake cha kutundikia makoti, ili nguo zilizolowa zisikaukie pale watoto wanapovutia pumzi. Wavulana na wasichana walikuwa na ngazi zao tofauti. Ghorofa ya tatu ilikuwa na ukumbi mkubwa wa mikutano, maana shule ilikuwa ya mtaa mzima.

Nimesoma kwenye darasa la watoto zaidi ya tisini, dirisha moja likiwa limezibwa kwa bati. Pengine ndiyo maana nikifika Franklin husimama muda mrefu kuliko wageni wangu wanavyopenda.

Mfano wa shule hiyo ulipelekwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Vienna mwaka 1873, na Washington ikarudi na medali kwa maendeleo yake katika elimu na majengo ya shule. Mji uliochekwa kwa matope ukawa mfano kwa Ulaya, kupitia michoro ya kijana aliyetoka Ulaya bila chochote.

Na shule ya Sumner? Kwa nini watu weusi wa Washington huizungumzia kwa heshima kubwa?

Kwa sababu ilijengwa kwa ajili yao, na ilijengwa vizuri.

Utumwa ulifutwa Washington mwezi Aprili 1862, miezi kadhaa kabla ya tangazo maarufu la Lincoln la kuwaachia huru watumwa. Mwaka huo huo Bunge likaagiza kwamba sehemu ya kodi inayotozwa kwa mali za watu weusi itengwe kuwasomeshea watoto wao. Mwanzoni madarasa yalikuwa ya kuombaomba. Kisha, kwenye kona ya barabara ya 17 na M, mwaka 1872, likasimama jengo la Cluss lenye mnara wa saa katikati, matofali ya rangi mbili tatu, matao, madirisha makubwa, kila kitu. Likapewa jina la Charles Sumner, seneta wa Massachusetts aliyepigana na utumwa mpaka akapigwa kwa fimbo ndani ya ukumbi wa Seneti.

Ndani palikuwa na ofisi za msimamizi na bodi ya shule za watoto weusi, na shule ya sekondari ya kwanza ya umma kwa vijana weusi nchini ilipata hifadhi humo kwa muda. Mwaka 1877 humo ndimo yalipofanyika mahafali yao ya kwanza ya sekondari. Wajukuu na vitukuu vya waliohitimu bado wapo mjini.

Nisipakae sukari. Shule zilibaguliwa kisheria, na ubaguzi huo haukupigwa marufuku mpaka mwaka 1954. Jengo zuri halifuti sheria mbaya. Lakini ukisimama barabarani mwaka 1872 ukaitazama Sumner, kisha ukaenda kuitazama Franklin, usingesema hii ni ya watoto wa daraja la kwanza na ile ni ya masalia. Ingekuwa rahisi sana kwa msanifu kulipua kazi ile, na hakuna mwenye madaraka ambaye angemwuliza. Hakulipua. Sumner nayo ilitambuliwa kule Vienna mwaka 1873.

Nimesikia simu isiyo na waya ilijaribiwa juu ya jengo lake. Ni kweli?

Ni kweli, juu ya paa la Franklin. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walikuwa wakijaribu chombo kinachosafirisha sauti juu ya mwali wa jua. Tainter alipanda juu ya shule, akazungumza, na Bell akamsikia kwenye dirisha la maabara yake barabara ya L, umbali wa kama mita 213. Hapakuwa na waya wowote kati yao. Paa la Cluss lilichaguliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: lilikuwa refu na liliona mbali.

Masoko je? Kwa nini msanifu mkubwa ajenge soko?

Hili swali huniudhi kidogo, maana linachukulia kwamba soko ni kazi ndogo. Mji unakula kila siku. Kabla ya majokofu, tofauti kati ya soko zuri na soko baya ilikuwa ni watu wangapi wataugua wiki hii.

Soko kuu la zamani la Washington lilikuwa mkusanyiko wa mabanda karibu na mfereji mchafu. Cluss akachora Center Market, lililofunguliwa mwaka 1872 kwenye barabara ya Pennsylvania na ya 7: kumbi ndefu za matofali zenye paa la juu, hewa ya kupita, vizimba vilivyopangwa kwa mistari, na nafasi ya magari ya farasi kuingia na kushusha mizigo. Lilikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa nchini. Eastern Market, mtaa wa Capitol Hill, lilifunguliwa mwaka 1873. Ni dogo zaidi, na kwangu ni zuri zaidi.

Usidhani kuhamisha wafanyabiashara lilikuwa jambo la amani. Mwaka huo huo wa 1872 wakuu wa mji walivunja soko jingine, Northern Liberties, usiku, wachuuzi wakiwa bado na vitu vyao ndani. Watu wawili walikufa, mmoja wao mtoto. Yeyote aliyewahi kuona mgambo wakibomoa vibanda alfajiri anaielewa picha hiyo bila kuelezwa.

Eastern Market liliungua tarehe 30 Aprili 2007. Paa la ukumbi wa kusini likaanguka, kuta za Cluss zikabaki zimesimama. Wakazi walililia kama wamefiwa, fedha zikapatikana, na Juni 2009 soko likafunguliwa tena. Wenye bucha wakarudi kwenye nafasi zao.

Alihusikaje na Smithsonian?

Alianza na moto. Tarehe 24 Januari 1865 jengo la Taasisi ya Smithsonian, lile linaloitwa Kasri, liliungua sehemu ya juu. Mafundi walikuwa wamefunga jiko la muda na kuingiza bomba lake ukutani wakidhani ni dohani, kumbe ni uwazi tu kati ya kuta. Moshi na cheche zilijikusanya chini ya paa kwa siku kadhaa. Cluss aliitwa kujenga upya. Miaka ya 1880 alirudi kulifanyia kazi upande wa mashariki ili usiungue tena.

Kati ya kazi hizo mbili akajenga jirani yake. Maonyesho makubwa ya miaka mia moja ya taifa, yaliyofanyika Philadelphia mwaka 1876, yaliiachia Smithsonian shehena ya vitu visivyo na pa kuwekwa. Mwaka 1879 Bunge likatoa dola 250,000 kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa, na Cluss pamoja na mshirika wake mpya, Mjerumani Paul Schulze, wakapewa kazi. Leo jengo hilo linaitwa Arts and Industries Building.

Ramani yake ni mraba. Katikati kuna kuba, na kutoka kwenye kuba zinatoka kumbi nne kama msalaba. Mwanga unaingia kupitia madirisha yaliyo juu, mapaa yamebebwa na chuma, na kuta za nje zina matofali mekundu yaliyochanganywa na ya buluu, meusi na ya rangi ya mchanga. Limetoka kwa gharama ndogo mno kwa ukubwa wake. Kabla halijafunguliwa kwa watu, tarehe 4 Machi 1881, lilifanyiwa dansi ya kuapishwa kwa Rais Garfield.

Pia ofisi ya hataza ya taifa, inayotoa hati za kulinda uvumbuzi, ilipoungua tarehe 24 Septemba 1877, na maelfu kwa maelfu ya mifano ya uvumbuzi kuteketea, ni Cluss na Schulze walioshinda shindano la kuijenga upya. Ukumbi wao wa juu una vigae vya rangi sakafuni na taa ya mchana inayoshuka kutoka darini. Siku hizi ndimo yalimo makumbusho ya sanaa ya Marekani na ya picha za watu mashuhuri.

Kwa nini Rais Grant alimfukuza kazi?

Hiki ni kisa kigumu zaidi katika maisha yake.

Mwaka 1871 Washington ilipewa serikali mpya, na mtu mwenye nguvu ndani yake alikuwa Alexander Shepherd, mfanyabiashara asiyependa kuchelewa. Shepherd aliugeuza mji ndani ya miaka mitatu: barabara zikasawazishwa, mabomba yakazikwa, mfereji unaonuka ukafunikwa na kuwa mtaro wa maji taka chini ya barabara, miti ikapandwa kwa makumi ya maelfu. Cluss alikuwa upande wake. Alimchorea nyumba, na mwaka 1872 Grant akamteua awe mhandisi kwenye bodi ya kazi za umma.

Kazi zilienda haraka kuliko hesabu. Vipande vya mbao vilivyotandazwa barabarani vikaanza kuoza, deni likapita kiwango kilichoruhusiwa, na wenye nyumba wakakuta milango yao imebaki juu au chini ya barabara mpya. Mwaka 1874 Bunge likachunguza. Cluss aliitwa kutoa ushahidi, na akasema wazi kwamba vipimo vya kazi na malipo ya wakandarasi havikuwa sawa. Aliyasema haya dhidi ya mtu aliyemwinua. Grant, rafiki wa Shepherd, akamwondoa mara moja. Mwezi Juni serikali nzima ile ikavunjwa na Bunge.

Alikuwa msafi? Alikuwa mhandisi wa bodi, sahihi yake ilihitajika, na alikaa zaidi ya mwaka kabla ya kusema. Hilo siwezi kulificha. Ila wengine waliokaa naye mezani waliulizwa maswali hayo hayo chini ya kiapo, na yeye ndiye aliyejibu kwa namna iliyomgharimu kazi.

Alijenga mambo mengine gani?

Mengi. Kanisa la Calvary Baptist la mwaka 1866, lililoungua mwaka uliofuata akalijenga tena. Hekalu la Freemason kwenye barabara ya 9 na F, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1868. Makao ya Idara ya Kilimo, mwaka huo huo wa 1868. Kasri la seneta William Stewart kwenye mzunguko wa Dupont, mwaka 1873. Na Portland Flats, mwaka 1880, nyumba ya kwanza ya kifahari ya kupangisha kwa vyumba mjini Washington, wakati ambapo mtu mwenye hadhi aliona aibu kuishi ghorofa moja na mtu asiye ndugu yake.

Mwisho wake ulikuwaje?

Alifunga ofisi karibu na mwaka 1890, akawa mkaguzi wa majengo ya serikali kuu, akisafiri huku na huku kuangalia kazi za wengine. Rosa alifariki mwaka 1894. Alizika watoto wake kadhaa. Amezikwa kwenye makaburi ya Oak Hill, Georgetown.

Kwa nini majengo yake mengi yamevunjwa?

Mwanzoni mwa karne ya 20 wapangaji wa mji waliamua katikati ya Washington pawe peupe tena, marumaru na nguzo, na matofali mekundu yakaonekana ya kizamani. Idara ya Kilimo ilivunjwa mwaka 1930, Center Market mwaka 1931, shule ya Wallach mwaka 1950, Portland Flats mwaka 1962. Kasri la Stewart lilikuwa limeshaondoka tangu mwaka 1901.

Jambo moja hunirudia kila nikiipitia orodha hii. Nyumba alizowajengea wakubwa zimekwisha karibu zote: kasri la seneta, nyumba ya Shepherd, ile Portland. Zilizobaki nyingi ni zile zilizotumiwa na kila mtu: shule mbili, soko, makumbusho, kanisa. Si kanuni, maana Center Market nalo lilikuwa la wote na halipo. Lakini soko la Capitol Hill na shule ya Sumner zilipokaribia kupotea, watu waliozijua kwa ndani walikuwepo wa kuzipigania. Sumner ilikuwa imechakaa vibaya mpaka ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1986.

Nikija Washington, nianzie wapi?

Shuka kituo cha McPherson Square, utembee dakika chache mpaka Franklin. Tangu Oktoba 2020 ndani kuna makumbusho ya lugha na maneno, baada ya jengo kupitia mengi, ikiwemo miaka kadhaa ya kuwa hifadhi ya wasio na makazi. Kutoka hapo nenda kwa miguu hadi Sumner, ambayo ni makumbusho na hifadhi ya nyaraka za shule za mji. Kisha panda treni hadi Smithsonian. Ukumbuke kwamba Arts and Industries Building halifunguliwi wakati wote, lakini kuta za nje zinatosha kukushughulisha nusu saa.

Malizia Eastern Market, Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Kituo kina jina la soko lenyewe. Ingia ukumbi wa kusini, pita bucha na wauza samaki, usimame katikati na utazame juu, mwanga unapoingilia. Baada ya hapo nunua unachotaka. Foleni ya chakula huwa ndefu, basi anza nayo.